Anayejitolea kambini ndiye anayeona kwanza

Mimi ni muuguzi wa watoto, na kila kambi ya kutwa ya watoto wenye maradhi ya kudumu inapokaribia kazi yangu ya kwanza ni kuwaandaa wanaokuja kujitolea. Wengi hufika na woga uleule: "Mimi si daktari, mtoto akizidiwa nitafanya nini?" Dawa tutatoa sisi. Ninachohitaji kwenu ni macho. Mimi nipo kwenye hema la tiba, mtoto namwona dakika chache saa ya dawa. Ninyi mnashinda naye, mnamwona akicheka, akinuna, akigombea mpira. Akianza kubadilika, mtajua kabla yangu.

Kwa hiyo saa ya kwanza usiitumie kukariri magonjwa. Cheza naye umjue akiwa mzima: ni mwongeaji au mkimya, anakula haraka au anadonoadonoa. Usipomjua hivyo, baadaye huna cha kulinganisha.

Kisukari cha aina ya kwanza ndicho ninachokieleza kwa kirefu. Mtoto anapokimbia, misuli inatumia sukari, na insulini aliyochoma, dawa ya kushusha sukari, bado inafanya kazi, hivyo sukari inashuka. Utaambiwa atatetemeka na kutoka jasho. Ni kweli, ila uwanjani kila mtoto anatoka jasho. Dalili utakayoiwahi ni tabia: mchangamfu ananyamaza, mpole anakuwa mkali, anaambiwa ni zamu yake anabaki kukodoa macho. Mkalishe hapohapo, apimwe. Ikiwa chini ya 70 mg/dl, yaani 3.9 mmol/l, kwa kawaida hupewa gramu 15 za sukari inayoingia mwilini haraka, kama juisi ya matunda au vidonge vya glukosi (wadogo hupewa pungufu, kufuatana na mpango wao), kisha anapimwa tena baada ya dakika 15. Kipimo kikiwa mbali, mpe sukari kwanza. Aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza hapewi kitu mdomoni. Ita msaada mara moja.

Tena, usimtume hemani kwa miguu, hata akisindikizwa. Kutembea kunazidi kuishusha sukari. Muuguzi ndiye atakayemfuata alipo.

Kinachotusumbua zaidi ni kwamba watoto hawa ni hodari wa kuficha. Wameshatolewa michezoni mara nyingi mno. Namkumbuka binti mmoja mwenye pumu aliyetoka pembeni ya uwanja, akainama kufunga kamba za viatu, akarudi, kisha akatoka tena. Kijana aliyekuwa na kundi lake akaona kwamba kamba hazikuwa zimefunguka. Hakumwita kwa sauti. Alikwenda akachuchumaa kando yake, akauliza taratibu, "Kifua?" Binti akaitikia kwa kichwa. Pampu na spesa, kile kichupa cha kuvutia dawa ya pampu, vikaletwa palepale, akavuta dawa, akapumzika hadi pumzi ikatulia, nami nilipomwangalia nikamruhusu arudi mchezoni. Siku ile hakuficha tena. Alikuja kusema mwenyewe. Namna ulivyomsogelea mtoto mara ya kwanza ndiyo itakayoamua kama atakuambia mara ya pili.

Mwenye selimundu, yaani sikoseli, mpe maji kabla hajasema ana kiu, na umwondoe kwenye jua kali. Akitoka kwenye maji ya kuogelea akaushwe na kuvishwa upesi, maana baridi inaweza kuamsha maumivu. Joto la mwili likifika nyuzi 38.5 ni dharura, hata kama anacheza. Na maumivu yake usiyapime kwa machozi. Aliyeishi nayo tangu utotoni anaweza kuwa anachora picha huku mguu unamuuma vibaya. Akisema unauma, unauma.

Kifafa kikimshika mtoto, tazama saa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie chochote mdomoni. Kikipita dakika 5, hiyo ni dharura.

Ugonjwa wake usiutaje mbele ya wenzake. Atautaja mwenyewe akipenda, na kambini hupenda mapema kuliko unavyodhani. Kambi za namna hii si jambo jipya: mwaka 1925, miaka mitatu tu baada ya mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, daktari Leonard Wendt alianzisha kambi ya watoto wenye kisukari huko Michigan, Marekani. Mpaka leo naona kambi ikifanya kitu ambacho kliniki haikiwezi: mtoto aliyekataa kujichoma sindano nyumbani anamwona wa umri wake akijichoma huku anapiga soga, na kesho yake anaomba kujaribu.

Jioni, kabla hujamkabidhi mtoto, mwambie mzazi amekula nini, amelalamika nini, na amekimbia kiasi gani. Hilo la mwisho usilisahau kwa mwenye kisukari: sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya mchezo, akiwa usingizini, na mzazi anahitaji kujua kama usiku huo aamke kumpima.