Komedi ya uhalifu: kwa nini tunawacheka wezi wa Ealing

Komedi ya uhalifu ni filamu inayochukua wizi, jambo zito ambalo mwisho wake ni jela, na kuujaza vituko: watu wanafukuzana, wanagongana, wanaanguka. Waingereza waliikomaza aina hii katika studio za Ealing, magharibi mwa London, na kwangu mimi mfano wake bora ni The Lavender Hill Mob ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Charles Crichton.

Mwizi mkuu humo ni karani wa benki, Holland, aliyeigizwa na Alec Guinness. Ni mtu mpole ambaye kwa miaka mingi amesindikiza shehena za dhahabu bila dosari, kiasi kwamba hakuna anayeweza kumshuku. Anaungana na mpangaji mwenzake anayetengeneza vinyago vya kuwauzia watalii. Dhahabu ya wizi inayeyushwa, inamiminwa kwenye kalibu za minara midogo ya Eiffel, kisha inasafirishwa hadi Paris kama bidhaa ya bei poa.

Mpango kama huo lazima uwe wa akili kweli, halafu uvurugwe na jambo dogo kabisa. Minara sita ya dhahabu inauzwa kimakosa kwa wasichana wa shule kutoka Uingereza. Wanaume wawili wazima wanateremka mbio ngazi za kuzunguka za Mnara wa Eiffel, raundi baada ya raundi, mpaka kizunguzungu kinawashika na kicheko kinawatoka bila breki. Wakifika chini, wasichana wameshaondoka. Wanawakimbiza hadi bandarini, na huko wanakwamishwa na tiketi, pasipoti na forodha, hadi meli inang'oa nanga. Hakuna aliyekusudia kuwazuia! Ni taratibu zilezile zinazomchosha msafiri yeyote, na ndiyo maana kicheko kinakuja pamoja na huruma. Ukiondoa hofu ya kupoteza kila kitu, mbio hizo zinabaki kelele tupu.

Huruma hiyo ina mizizi yake. Mwaka 1951 Waingereza walikuwa bado wananunua nyama na sukari kwa mgawo, na mgawo haukuisha hadi 1954. Karani anayeshughulika na mali ya wengine mchana kutwa na jioni kurudi chumba cha kupanga, walimwelewa vizuri.

The Ladykillers ya mwaka 1955, kutoka studio hiyohiyo, ina giza zaidi. Genge linapanga chumba kwa bibi kizee karibu na stesheni ya King's Cross likijifanya kundi la wanamuziki. Santuri inapiga muziki wao wanapopanga wizi, na kila bibi anapobisha hodi kuwauliza kama watakunywa chai, majambazi wanakimbilia fidla. Adabu ya mwenye nyumba inawatesa kuliko polisi.

Crichton aliirudia komedi ya uhalifu akiwa amepita miaka 70, alipoongoza A Fish Called Wanda ya mwaka 1988.