Yakusha-e: huyo sio samurai, ni muigizaji

Mtu anaposti picha ya Kijapani, jamaa kakodoa macho, uso una mistari myekundu, upanga mrefu kumzidi mwenyewe, chini kaandika "samurai wa kale". Hapana jamani. Huyo ni muigizaji yuko jukwaani.

Yakusha-e ni picha za waigizaji wa kabuki, yaani maigizo ya jadi ya Kijapani, zinachapwa kwa vibao vya mbao ya mcheri, mmoja anachora, mwingine anachonga, mwingine anachapa, na mji wa Edo (ndo Tokyo ya leo) watu wa kawaida walikuwa wanazinunua sana. Basi, ndo hivyo.

Picha za wapiganaji wenyewe zipo pia ila zinaitwa musha-e, na mchoraji Kuniyoshi alipata jina kwa hizo miaka ya 1820 mwishoni. Kule unaonyeshwa shujaa. Kwenye yakusha-e shujaa ni vazi tu, anayeuza picha ni aliyelivaa. Chukua igizo la Shibaraku, mhusika ni Kagemasa, mpiganaji wa karne ya 11, lakini cheki ile mikono mipana ya joho, ina miraba mitatu imeingiana, na hiyo ni nembo ya ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjuro (jina linarithiwa, ndo maana kuna wa kwanza, wa saba), Kagemasa haimhusu kabisa! Mtu wa Edo akiiona tu anajua ni Danjuro. Ile mistari myekundu ni kumadori, rangi za jukwaani, nyekundu ya shujaa na buluu ya mbaya wake, na yale macho yaliyokengeza ni mie, pale muigizaji anaganda kabisa ili watu wamshangilie. Staili yenyewe ya kishindo hivyo, aragoto, aliianzisha Danjuro wa kwanza, aliyefariki 1704. Na tangu mchoraji Shunshō, miaka ya 1760, wachoraji wakaanza kuchora sura halisi ya kila muigizaji, kwa hiyo hata bila nembo shabiki alikuwa anamtambua mtu wake.

Tena serikali ya samurai wenyewe haikuchanganya haya mambo. 1842 ilipiga marufuku picha za waigizaji, Danjuro wa saba akafukuzwa Edo kwa kuishi kifahari, huku za wapiganaji zikaendelea kutoka na wachoraji wengi wakahamia huko. Waigizaji walikuwa tabaka la chini, sasa ukimwita samurai unamfuta yule mtu aliyependwa hadi watawala wakakasirika.

Kwa hiyo ukiposti tena angalia nembo kwenye joho, soma na jina kama limeandikwa, halafu andika tu: Danjuro akiigiza Kagemasa.