Hospitali kufurika wakati wa janga: tunayoyaamini na ukweli wenyewe

Tangu mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 atangazwe nchini Machi 16, 2020, kila ukisikika mlipuko wa ugonjwa hapa Dodoma maneno ni yaleyale, sokoni Majengo hadi kwenye daladala: hospitali zitajaa, tutakwisha. Hofu hiyo ina msingi. Ila imebeba mengi yasiyo kweli.

"Shida ni vitanda." Kitanda hupatikana upesi. Mwanzoni mwa 2020, China ilijenga hospitali ya vitanda 1,000 mjini Wuhan kwa siku kama 10, kisha ikalazimika kupeleka wahudumu wa afya 1,400 wa jeshi ili ifanye kazi. Halafu kuna oksijeni. Mtungi mkubwa una lita 6,800 hivi. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 tu. Wakiwa 10 wodini, hiyo ni mitungi zaidi ya 20 kwa siku, na kwa kila mmoja lazima awepo mtu wa kuuleta na kuufunga, hata saa nane za usiku. India, Aprili na Mei 2021, watu walikata roho wakiwa vitandani kwa sababu oksijeni iliisha.

"Tutaugua wote, kwa hiyo kujikinga ni kupoteza muda." Takwimu za mwanzo za Uviko-19 zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100, kama 80 hawakuhitaji oksijeni, 15 walizidiwa na 5 wakawa mahututi. Hao 20 wakija kwa miezi sita, wanahudumiwa. Wakija wiki moja, ndipo wauguzi wanaanza kuchagua nani ahudumiwe. Kujikinga ndiko kunakofanya wasije wote kwa mpigo.

"Heri nibaki nyumbani." Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, watu waliziogopa hospitali, na malaria na uzazi vikaua wengi ambao hawakuwa na Ebola kabisa. Mama wa Bahi mwenye uchungu hawezi kungoja janga lipite. Tena anayekuja amechelewa ndiye anayelazwa siku nyingi na kumaliza mitungi.

"Basi twende wote Mkapa, ndiko kuna vifaa." Hospitali ya Benjamin Mkapa ni ya rufaa, inategemewa na kanda nzima ya kati. Mwenye mafua wa Nkuhungu akienda moja kwa moja kule, anakaa kwenye foleni ya mgonjwa aliyetoka Singida na barua ya rufaa. Aanzie zahanati au kituo cha afya cha karibu. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinapima oksijeni kwa dakika moja: ikiwa chini ya asilimia 90, anahitaji oksijeni haraka, na kujifukiza hakutaipandisha.

Anayepumua kwa shida, aliyechanganyikiwa au mwenye midomo iliyogeuka rangi ya buluu apelekwe saa hiyohiyo, mchana au usiku. Kwa maswali mengine, simu ya Wizara ya Afya ni 199, na ni bure.