Je, wajua mnyoo wa ndege wa porini hutambuliwaje?

Kondoa, mkoani Dodoma, watu huwatega kwelea kwelea kwa kitoweo. Mtu anayewapasua ndege wadogo wa namna hiyo huenda siku moja akakuta uzi mweupe umejikunja kifuani, nje kabisa ya utumbo. Ni mnyoo. Lakini mnyoo gani, na umeingiaje kwa ndege?

Mtaalamu kwanza huuliza ulikutwa wapi mwilini. Ukiwa kwenye utumbo, bapa na wenye pingili, ni tegu. Ukiwa mwekundu kwenye koo la hewa, dume na jike wameshikamana maisha yao yote hata wakafanana na herufi Y, huyo ni Syngamus. Kuna mingine hujificha chini ya utando mgumu wa firigisi. Na ule mrefu, mweupe, wa sentimita kadhaa, uliolala kwenye vifuko vya hewa, aghalabu ni Diplotriaena. Ndiyo maana kila kiungo hufunguliwa kwenye chombo chake. Ukivichanganya, umepoteza nusu ya jibu.

Huyu Diplotriaena ana safari ya ajabu. Jike hutaga mayai ndani ya vifuko vya hewa, yakapita mapafuni, yakapanda hadi kooni, ndege akayameza, kisha yakatoka na kinyesi. Panzi anayeyala pamoja na majani hulea kiluwiluwi mwilini mwake, na ndege akimdonoa panzi huyo, mnyoo umepata makao mapya. Hata kwelea kwelea, anayesifika kwa kumaliza mtama na uwele, hulishwa wadudu siku zake za kwanza kiotani.

Kazi inayotaka subira ni ya kuutoa mnyoo ukiwa mzima. Tegu ukimvuta kwa koleo, mwili unakatika na kichwa kinabaki utumboni, na kichwa ndicho chenye ndoano za kuhesabiwa. Heri utumbo uloweke majini mpaka ajiachie mwenyewe. Minyoo ya mviringo humwagiwa spiriti ya moto ya asilimia 70 ili ife ikiwa imenyooka; iliyojikunja haipimiki vizuri. Yenye pua ya miiba huachwa kwenye maji baridi matupu, nayo huitoa pua hiyo nje, safu za miiba zikaonekana.

Baada ya hapo ni hadubini. Mnyoo wa mviringo hulowekwa kwenye gliserini mpaka uonyeshe vilivyomo ndani. Diplotriaena hujulikana kwa viuma viwili vya meno matatu vilivyo karibu na mdomo, na dume kwa sindano zake mbili za kujamiiana: moja ndefu, nyingine fupi iliyosokotwa. Urefu wa sindano hizo na ukubwa wa mayai ndivyo mara nyingi hutenganisha spishi moja na jirani yake. Siku hizi DNA husaidia sana, hasa anapopatikana kiluwiluwi asiye na umbo la kutosha, ila nadhani bado haijaiondolea hadubini kazi yake.

Ikidhihirika kuwa haufanani na wowote ulioandikwa, mtaalamu huuchora, huandika vipimo vyake, aina ya ndege, kiungo na mahali alipopatikana, kisha huupa jina la maneno mawili ya Kilatini. Kielelezo kimoja huteuliwa kulibeba jina hilo na kuhifadhiwa makumbusho, ili atakayetilia shaka maelezo hayo akautazame mnyoo wenyewe.