Kabla ya kulipiga rangi greda la zamani: yanayosemwa Tanga na yaliyo kweli

Mwaka juzi tuliletewa greda lililokuwa kwenye kazi ya barabara upande wa Pangani. Lilikuwa limepigwa rangi miezi minne kabla, na ukiliona kwa mbali ungesema limeshuka melini jana. Nikapitisha ukucha chini ya mlango wa kebini. Rangi ikabanduka kipande kizima, upana wa kiganja, kama ganda la yai lililochemshwa. Upande wake wa ndani ulikuwa unateleza kwa mafuta. Kwenye chuma, kutu ilikuwa mbichi, ina maji, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuigusa.

Mwenye greda alikuwa amelipa fedha nzuri, na rangi aliyopigiwa ilikuwa ya bei. Alichokosa ni kazi ya chini, ile isiyoonekana tena ikishamalizika. Na kazi hiyo huliwa na maneno ambayo sisi mafundi na wenye mashine tumeyazoea hadi tunayaona ni elimu. Hapa Tanga maneno hayo yanatugharimu kuliko watu wa bara. Upepo wa bahari hautuachi mwaka mzima, kusi ikimaliza kaskazi inashika. Kuna vumbi la chokaa Maweni na la saruji Pongwe. Na mashine nyingi zinazohangaika mwambao huu, kuanzia Chongoleani hadi Saadani, zimekwisha kula miaka yake.

"Ipanguse kwa dizeli, halafu piga rangi"

Hili ndilo lililoliharibu greda lile. Dizeli hulainisha grisi, ni kweli, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini dizeli yenyewe ni mafuta. Ukishapangusa, huacha utando mwembamba ambao jicho halioni, na rangi inaushika huo utando badala ya kukishika chuma.

Anza kwa kukwangua udongo na saruji iliyoganda, kwa patasi na nyundo, maana saruji iliyokwisha kuwa jiwe haitoki kwa maji. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ya kukata grisi, usugue kwenye maungio na kuzunguka kila pini, kwa kuwa huko ndiko grisi ya miaka imejificha. Mashine ya kuoshea ya presha inasaidia sana, lakini usiielekeze kwenye beringi, oltaneta wala viungio vya nyaya. Suuza kwa maji mengi ya bomba. Hapo ndipo msasa na brashi ya waya vije. Ukitanguliza msasa, unaisaga grisi na kuishindilia ndani ya mikwaruzo. Mwisho ni tina, kile kiyeyusho cha rangi, kwa vitambaa safi, na kitambaa kikichafuka kibadilishwe. Kitambaa kimoja kwa greda zima kinahamisha mafuta ya mlangoni na kuyapeleka kwenye boneti.

Kujua kama umefika, mwagia maji safi kidogo juu ya chuma. Yakitandaa kama karatasi, chuma kiko tayari. Yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la gimbi, mafuta bado yapo, rudia.

Chumvi ni habari nyingine, na kwetu ni kubwa. Msasa hauiondoi, na tina haiiyeyushi. Dawa yake ni maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, na kusugua. Chembe za chumvi zikibaki chini ya rangi huvuta unyevu kupitia kwenye rangi yenyewe. Baada ya masika moja unaona malengelenge, ukilipasua moja linatoa maji, na chini yake kuna kutu. Watu husema rangi ilikuwa feki. Mara nyingi rangi haikuwa na kosa.

"Mchanga wa pwani upo bure, tupulizie huo"

Nimewaona watu wakipakia mchanga wa ufukweni kwenye magunia ili waupulizie kwa kompresa kusafisha kutu. Hasara yake ya kwanza umekwisha kuiona: ni kukipiga chuma kwa chumvi, kwa nguvu, hadi iingie kwenye vishimo vyake vyote.

Hasara ya pili ni ya mtu. Mchanga wenye silika ukipasuka kwenye chuma hutoa vumbi laini mno, lile usiloliona, na hilo ndilo linalofika chini kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi. Hauna tiba, na aliyenao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Uingereza walipiga marufuku mchanga wa aina hii kwenye kazi ya kupulizia tangu 1949. Tumia chembe za chuma au za jiwe liitwalo ganeti. Kama bei inakushinda, brashi ya waya ya umeme na msasa kwa mikono yenye subira vitakufikisha pazuri, ingawa utachelewa, na utavaa barakoa hata hivyo.

"Kunywa maziwa, yanaosha kifua"

Hili linaniuma kuliko yote. Kijana anashinda anapuliza rangi amejifunga kitambaa puani, jioni anapewa pakiti ya maziwa, na bosi anaona ametimiza wajibu wake. Maziwa yanaenda tumboni. Mvuke wa rangi umekwenda kwenye mapafu, na kutoka hapo umeingia kwenye damu. Hakuna mahali vinapokutana ili kimoja kikioshe kingine. Ni chakula kizuri, apewe, lakini si kinga.

Rangi nyingi nzuri za mashine siku hizi ni za mikebe miwili, rangi na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Hadina ya rangi za poliyurethani ina kemikali ziitwazo aisosayaneti. Zinaweza kumsababishia mpulizaji pumu, na mwili ukishazikataa, baadaye hata harufu kidogo inatosha kumbana pumzi. Nilifanya kazi na kijana mwenye mkono mwepesi sana kwenye bunduki ya rangi, hakuna aliyemfikia pale uwanjani. Leo akisimama karibu na mkebe uliofunguliwa, kifua kinapiga filimbi. Ameacha kazi hii kabla ya kufika miaka 30.

Kitambaa hakizuii mvuke. Barakoa ya vumbi ya karatasi nayo haizuii. Anayepuliza rangi ya hadina anatakiwa avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama huna, usipulize rangi hiyo. Chukua inameli ya mkebe mmoja, na mpulizaji avae barakoa yenye vichujio vya mvuke. Haitadumu kama ile nyingine, lakini kijana wako atadumu.

Na mashine ikiwa ya zamani sana, jua kwamba njano na chungwa za viwandani za miaka ile nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Kwangua zikiwa zimeloweshwa, usizipige msasa mkavu. Vumbi lake usilifagie hovyo pale wanapopita watoto, na nguo za kazi zisiende nyumbani kufuliwa pamoja na za familia.

"Asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri, hakuna jua"

Jua halipo, lakini umande upo. Mkono wa ekskaveta, mashine ya kuchimbia, ni chuma kinene. Umepoa usiku kucha, na asubuhi hewa inapopata joto, wenyewe bado ni wa baridi na unyevu unaugandia. Kanuni ya wapiga rangi ni mbili: unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwetu mara nyingi hayo hayatimii mpaka saa tatu au saa nne. Mchana juani nako si salama, maana chuma kinaunguza mkono, na rangi inakauka kabla haijatandaa, inabaki na chengachenga kama msasa. Jenga kivuli, hata cha turubai, ufanye kazi katikati ya saa hizo. Chuma ulichokisafisha hadi kikawa cheupe kipate praima, ile rangi ya kwanza inayoshika chuma, siku ileile. Ukikilaza wazi karibu na bahari, alfajiri utakikuta na rangi ya chai.

"Ufa mdogo, weka puti"

Siku moja tulikuwa tunakwangua mkono wa ekskaveta iliyotoka kwenye machimbo ya chokaa. Karibu na mshono wa kuchomelea, brashi ya waya ikaanza kutoa vumbi jeupe. Chuma hakitoi vumbi jeupe. Nikamwambia mwenzangu aache brashi, achukue patasi. Puti, ule udongo wa kuziba mabonde kabla ya rangi, ikatoka kama biskuti, na chini yake palikuwa na ufa wenye urefu wa kalamu.

Mwenye mashine akaniambia, "Fundi, rudishia tu puti, mteja anakuja Jumamosi." Nilimkatalia, na ningemkatalia hata leo. Puti haina nguvu yoyote ya kubeba. Kila bakuli la mawe linaponyanyuliwa, ufa unafunguka na kujifunga, na kila mara unasogea mbele kidogo. Rangi mpya juu yake inamnyima opareta ile dalili ya kutu nyekundu ambayo ingemwonya.

Ufa unatibiwa hivi. Safisha hadi chuma kitupu. Paka dawa nyekundu ya kupima nyufa, isubiri ipenye, ifute, kisha puliza dawa yake nyeupe ya kuidhihirisha. Mstari mwekundu utajichora wenyewe, na karibu kila mara unaenda mbali kuliko ulivyoona kwa jicho. Chimba ufa wote, mwanzo hadi mwisho, hadi usibaki hata alama. Zima mashine, tenganisha betri, na kama ina kompyuta fuata maelekezo ya mtengenezaji ya kuichomoa. Nyaya ya ardhi ifungwe karibu kabisa na unapochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi na kuzila. Chuma kipashwe moto kwanza. Vijiti vya kuchomelea viwe vya haidrojeni kidogo, kama 7018, vilivyokaushwa kwenye oveni. Kijiti kilichokaa wazi kwenye hewa ya Tanga kimekunywa maji, na maji hayo ndiyo yatakayozaa ufa mwingine kando ya ule uliouziba. Ukimaliza, acha chuma kipoe taratibu.

Puti ina mahali pake: bonde kwenye mlango, kovu kwenye boneti. Mahali panapobeba mzigo haina ruhusa.

"Njano ni njano", na mengine madogo

Caterpillar walikuwa wanapiga mashine zao kijivu hadi 1931 walipohamia njano ya barabarani ili zionekane vizuri, na mwaka 1979 wakabadilisha tena ile njano. Komatsu wana yao, JCB wana yao. Ukinunua mkebe wa "njano ya katapila" bila namba ya rangi, mlango utatofautiana na boneti, na watu watajua. Njano pia haifuniki vizuri, kwa hiyo juu ya praima nyeusi itakula mikebe bila sababu. Weka praima ya rangi nyepesi.

Wapo wanaoamini rangi nzito ndiyo inayodumu. Safu nene hufunga tina ndani, ikatunga malengelenge au kupasuka. Praima ya epoksi yenye unene kama wa unywele inatosha, kisha rangi ya juu. Na epoksi peke yake isiachwe juani, kwa sababu jua huigeuza unga. Inahitaji kufunikwa na poliyurethani au rangi nyingine inayostahimili jua.

"Piga kote, itapendeza" nalo ni kosa. Vyuma vinavyong'aa vya jeki, mipira ya haidroli, sili, vioo, mapezi ya rejeta, nipeli za kuingizia grisi na kitundu cha kupumulia cha tenki, vyote vifunikwe kwa karatasi na gundi kabla bunduki haijawashwa. Rangi iliyokauka kwenye chuma cha jeki hukwangua sili, na wiki ijayo mafuta yanavuja. Kile kibao cha namba ya mashine nacho kifunikwe. Kisomeke, maana bila namba huagizi spea sahihi, na mnunuzi makini atakutilia shaka.

"Iliyopigwa rangi inaficha kitu"

Wanunuzi wengine wamechomwa hadi wanaikimbia kila mashine inayong'aa. Si haki kwa waliofanya kazi ya kweli. Rangi nzuri huokoa bati, ngazi, tenki na kebini, hasa kwetu. Haigusi injini wala pampu, na haigusi cheni na magurudumu yake, ambayo kwenye mashine za cheni yanaweza kula karibu nusu ya gharama yote ya matengenezo. Kwa hiyo angalia ukali wa meno ya sproketi, gurudumu linalovuta cheni, tikisa bakuli usikie pini zinavyocheza, fungua mfuniko wa oili ya injini ikiwa inaunguruma uone moshi. Angalia pia kama mipira imepakwa njano, kama nipeli zimezibwa, kama kuna sehemu moja ya mkono yenye rangi mpya kuliko nyingine. Kisha omba picha za mashine ikiwa chuma kitupu.

Greda lile la Pangani lilikaa kwetu wiki tatu. Siku mbili tu ndizo zilikuwa za rangi ya juu. Mwenyewe ana picha za siku zote zile kwenye simu, na mtu akija kulikodi, anaanza kumwonyesha ile ambayo greda zima ni la kijivu cha praima.