Krismasi na Mwaka Mpya Malindi: tunayoyaamini kuhusu mbwa na paka, na yaliyo kweli

Simba wetu ni mbwa koko, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha. Usiku wa tarehe 31 Desemba, miaka mitatu nyuma, nilimfunga mnyororo kwenye mwarobaini wa uani, hapa Barani, nikaenda ufukweni na wageni wetu wa bara kutazama fataki za mahoteli. Tuliporudi saa nane za usiku mnyororo upo, ukanda wa shingo upo, mbwa hayupo. Alikuwa amejikwamua kichwa kwa nguvu hadi akaacha manyoya na damu. Tulimpata siku ya tatu njia ya Mayungu, kajilaza chini ya mkorosho, nyayo zimechunika.

Basi makosa nitakayoyataja hapa, mengi nimeyafanya kwa mkono wangu, na sikuyafanya kwa ukatili. Ninavyoona, wanyama wetu hawaponzwi na adui mwezi wa Desemba. Wanaponzwa na mjomba anayewarushia mfupa, shangazi mwenye huruma ya kugawa Panadol, na mwenye nyumba anayedhani mbwa akishafungwa amesalimika. (Mbuzi wa Krismasi simzungumzii. Habari zake zinajulikana.)

“Atazoea tu, ni mbwa huyo”

Hili niliambiwa na jirani, tena mtu wa busara. Lakini kishindo cha ghafla hakizoeleki hivyo. Mbwa aliyeogopa fataki mwaka huu, mwakani mara nyingi huanza kutetemeka mapema zaidi, pengine akisikia tu watoto wakipasua vibaruti vya kwanza. Na kumbuka sikio lake si sikio lako. Binadamu mwenye masikio mazima husikia sauti hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mbwa hufika 45,000, na paka 64,000. Wewe unajua kwamba saa sita na nusu yote yatakuwa yamekwisha. Yeye hana kalenda wala hana habari ya mwaka mpya. Anachojua ni kwamba mbingu zinapasuka na mwenye nyumba kaenda zake.

Kuzoezwa kupo, ila ni kazi ya wiki nyingi. Unamchezea sauti za fataki kwenye simu, chini sana, huku akila kitu anachokipenda, na unapandisha sauti pole pole siku hadi siku. Ukiona amesimamisha masikio akaacha kula, umekimbilia mbele mno. Kazi hiyo ianze Oktoba. Tarehe 30 Desemba umechelewa, bora umtafutie mahali pa kujificha.

Na hapo pana dhana nyingine, kwamba ukimbembeleza mbwa mwenye hofu unamdekeza na kuizidisha hofu. Si kweli. Hofu si ujanja anaoufanya ili apewe zawadi. Akikuegemea, mwache akuegemee, mpapase taratibu, sema naye kwa sauti ile ile ya kila siku. Asichokitaka ni kukemewa, au kuvutwa kutoka mvunguni aje aone kwamba “hakuna kitu”. Paka ndiye hasa usimguse. Akipanda juu ya kabati, kabati ni lake mpaka asubuhi.

Usiku wenyewe sisi sasa tunafanya hivi. Simba anatembezwa na kulishwa mapema, kabla jua halijazama, kwa maana akishaanza kuogopa hali. Halafu anaingizwa ndani, haachwi uani, na mnyororo haumgusi: mbwa aliyepagawa kwa hofu hujinyonga kwa mnyororo au huruka ukuta akaning'inia. Madirisha ya upande wa bahari tunayafunga. Mtu wa Malindi ataniuliza, kufunga madirisha Desemba, kaskazi hii, tupikwe? Ndiyo maana tunachagua chumba cha katikati, feni inavuma, maji yapo, redio inapiga taarabu kwa sauti ya wastani. Feni na redio hufunika kishindo kuliko watu wanavyodhani, ila stima ikikatika mpango wote unayumba, hivyo redio iwe ya betri. Mwaka jana Simba aliyakataa matayarisho yetu yote, akaenda mwenyewe bafuni nyuma ya pipa la maji. Pana giza, pana baridi, na kuta ni nene. Alichagua vizuri kutushinda.

Shingoni ana ukanda wenye namba ya simu iliyoandikwa kwa wino usiofutika. Hiyo ilinigharimu shilingi chache, nami niliikumbuka baada ya siku tatu za kumtafuta.

“Mpe mnazi kidogo alale”

Hapana. Si mnazi, si bia, si vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, si vya bibi vya kulalia. Mwili wa mbwa hauhimili pombe kama wetu: sukari ya damu hushuka, joto la mwili hushuka, na pumzi yenyewe huzorota. Ukimwona ametulia usifurahi, huenda anazama. Hata dawa halali inaweza kumlegeza mbwa miguu na mikono huku hofu imebaki kichwani vile vile, amelala anasikia yote asiweze kukimbia. Dawa za kutuliza hofu zipo, na ni mazungumzo ya daktari wa mifugo, kabla ya sikukuu, akishampima uzito.

“Sikukuu ni ya wote, naye ale pilau”

Hapa ndipo wema wetu unapoua, na hapa nitakaa kidogo.

Pilau ni kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja seli nyekundu za damu za mbwa, na za paka zaidi. Kupika hakuondoi sumu, kukaanga hakuondoi, na mchuzi wenyewe unayo. Ubaya wake ni kwamba mnyama haanguki pale pale. Hupita siku kadhaa ndipo unamwona amelegea, fizi zimepauka, mkojo umegeuka rangi kama chai, na wewe umeshasahau kwamba siku ya Krismasi alilamba sufuria.

Zabibu ni mbaya zaidi. Kwa mbwa, zabibu mbichi au kavu zinaweza kuangusha figo, na haijulikani mapema ni mbwa yupi atadhurika kwa punje ngapi. Malindi zabibu zina njia mbili za kuingia nyumbani: pilau ya harusi (na Desemba harusi hazikatiki), na ile mikate mirefu ya Kiitaliano, panettone, ambayo waajiri wa Kiitaliano huwapa wafanyakazi wao Krismasi. Imejaa zabibu. Mtoto akimaliza sehemu laini humpa mbwa iliyobaki.

Sasa jambo ambalo wengi wetu Pwani hatulijui. Miaka ya karibuni, madaktari wa sumu za wanyama huko Marekani waliona mbwa waliokula ukwaju wakiharibika figo kwa namna ile ile ya zabibu. Kinachounganisha viwili hivyo ni asidi ya tatariki, na ndiyo inayoshukiwa sana. Ukwaju! Wa juisi, wa viazi vya karai, wa kuchovya bajia, wa samaki wa kupaka. Bakuli la ukwaju lisiachwe chini barazani, na makapi yaliyokamuliwa yasitupwe jaani pasipo kifuniko.

Chokoleti watu wengi wameshasikia, ila husema “kipande kimoja hakina neno”. Inategemea kipande na inategemea mbwa. Kadiri ilivyo nyeusi na chungu, ndivyo thiobromini inavyozidi, na mwili wa mbwa huitoa polepole mno. Nusu yake tu inaweza kuchukua saa 17 hivi. Moyo hudunda kasi, mbwa hatulii, hutapika, na ikizidi huingia degedege. Joto letu lina hila yake: chokoleti huyeyuka mfukoni, karatasi hutupwa sakafuni ikiwa imepakaa, mbwa hula karatasi na vyote.

Mifupa: mbichi ina hatari zake, iliyopikwa ina zaidi, kwa sababu moto huikausha ikavunjika kama vigae, ikachoma koo au utumbo. “Lakini mbwa wa zamani walikula mifupa.” Walikula, na waliokufa kwa mfupa hakuna aliyewaandika.

Wanaoishi karibu na bahari waongeze kwenye orodha hii bunju, samaki mwenye sumu. Wavuvi wakimtoa wavuni humtupa mchangani, kwa kuwa wanamjua. Mbwa wa mgeni aliyeletwa Silversands kwa matembezi ya sikukuu hamjui. Sumu yake hulemaza misuli mpaka ya kupumua, haina dawa ya kuipinga, na haiondoki kwa kupikwa, kwa hiyo hata paka usimchemshie kichwa cha samaki usiyemtambua.

Na lile la kumlisha mbwa pilipili awe mkali kwa sababu wezi ni wengi Desemba: humpi ukali, unampa tumbo linalowaka. Mbwa mwenye maumivu humuuma yeyote aliye karibu, na aliye karibu ni mwanao.

“Panadol haina madhara, hata watoto hupewa”

Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka mzima. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu, basi inaigeuza damu yake isibebe hewa. Fizi huwa kahawia au samawati, uso huvimba, pumzi hukimbia. Shangazi yangu alinibishia hili kwa ukali. “Mwanangu, nimelea watoto saba kwa Panadol.” Nikamwambia, “Shangazi, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mkia.” Alicheka, akakirudisha kidonge kwenye pochi.

Kundi hilo hilo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe anayopakwa paka kwa sababu ya kupe, baada ya mvua za vuli. Usipake. Hata dawa ya kupe ya mbwa, nyingine ni sumu kwa paka.

“Wanyama wa Pwani wamezoea joto”

Wamezoea kivuli cha Pwani, ndicho walichokizoea. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kutweta, na hewa yenye unyevu wa bahari inaipunguzia kutweta nguvu. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41 hiyo ni dharura. Wageni wanaoendesha gari kutoka Nairobi hupenda kumwacha mbwa ndani “dakika kumi tu” wakaingia dukani, kioo wamekishusha vidole viwili. Gari lililoegeshwa juani linaweza kupanda nyuzi 22 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakusaidii cha maana. Akishazidiwa, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mpeleke kwa daktari akiwa bado amelowa.

“Paka hujitafutia”

Familia inafunga nyumba inakwenda bara wiki mbili, paka anaachiwa panya. Wengine hupona, sikatai. Lakini paka, hasa mnene wa nyumbani, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini likajaa, na anaweza kufa kwa hilo hata chakula kikirudi. Mpe jirani ufunguo. Ukirudi mletee zawadi, jirani yaani.

Na mbwembwe za mti: tawi la mvinje halina shida, shida ni nyuzi zinazong'aa. Paka akimeza uzi ukaona ncha imetokeza nyuma, usiuvute. Unakata utumbo.

“Anatikisa mkia, mshike usiogope”

Mkia unasema mbwa amesisimka, hausemi amefurahi. Mbwa aliyekaza mwili, akageuza uso huku jicho jeupe linaonekana pembeni, akalamba midomo au kupiga miayo bila usingizi, anaomba nafasi. Nyumba yenye watoto kumi na watano wa binamu ambao hajawahi kuwaona haina nafasi hiyo. Mtengee kona ambayo mtoto haruhusiwi kuingia, na mtu mzima aisimamie sheria hiyo, maana mbwa akiisimamia mwenyewe atatumia meno.

Jino likishapita, yale mafuta ya taa, tumbaku na pilipili vinavyopakwa jerahani ni kupoteza muda. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kwa saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni tarehe 25. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo chanjo humwokoa. Paka naye huambukiza, ingawa visa vya binadamu duniani hadi asilimia 99 vinatokana na mbwa. Kenya ilijiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo hivyo, kwa mpango ulioanza 2014, na mpango huo hauendi popote bila mbwa wa nyumbani kuchanjwa, kwanza akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka.

Kadi ya Simba naiweka droo moja na kadi za kliniki za watoto. Wageni wakifika naitoa kabla ya chai.