Picha nimeipata, mandhari bado

Juzi tena. Mimi ni mchoraji wa mandhari, na mteja kanitumia picha kwa WhatsApp: minazi mitatu, dau limelala kwenye tope, nyuma maji ya Mikindani, hapa Mtwara. Chini kaandika, "Fundi, kopi hii, upana mita moja. Shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akajibu, "Mbona bei kubwa hivyo ndugu yangu, na picha nimekupa mimi mwenyewe? Si unahamisha tu?"

Unahamisha tu. Maneno hayo nimeshaambiwa na wenye nyumba za wageni, na watumishi wanaotafuta zawadi ya kumuaga mkubwa wao, na mjomba wangu kabisa. Nilikuwa nayaacha yapite. Lakini mwaka huu wanafunzi wangu wawili wameanza kuyaamini: wanaegesha simu pembeni ya turubai, wanapiga gridi kwa penseli, wanajaza mraba mmoja mmoja kama wanaotengeneza sakafu ya vigae. Sasa siwezi kunyamaza.

Kesho yake alfajiri nikapanda bodaboda mpaka Mikindani. Nikasimama pale pale aliposimama mteja, simu mkononi, nikalinganisha.

Kwenye picha anga ni bluu kutoka juu mpaka chini. Mbele yangu, saa moja asubuhi, juu palikuwa bluu kweli, ila kadiri jicho linavyoshuka rangi ilipauka, ikafika kwenye upeo wa macho ikiwa kama maji ya mchele yaliyodondoshewa tone la chai. Kwenye picha tope ni la kijivu. Tope la Mikindani maji yakitoka lina zambarau ndani yake, na kila kidimbwi kimebeba kipande cha anga. Vya karibu vina bluu, kwa sababu unapoinama kuvitazama vinaakisi anga la juu; vya mbali ni vyeupe, kwa sababu vinaakisi anga la chini kule linakopauka. Ukivipaka vyote rangi moja tope lako litasimama wima kama ukuta. Na chini ya mikoko simu imeonyesha kila mzizi, kana kwamba kuna mtu kashika tochi. Macho yangu yaliona giza lenye joto, rangi ya damu ya mzee, mizizi miwili mitatu tu ikijitokeza.

Simu haikuharibika. Simu za siku hizi zinapiga picha kadhaa kwa mkupuo, nyingine za mwanga mwingi, nyingine za mwanga kidogo, kisha zinazichanganya ili pasibaki mahali peusi wala mahali palipoungua kwa weupe. Zile za zamani zilikosea upande wa pili, mikoko ikatoka nyeusi tii. Kwa vyovyote, kuna uamuzi umeshafanyika kabla picha haijakufikia. Anayenakili picha ananakili uamuzi huo, naye hajui kama ulifanyika.

Kisha kuna suala la ukubwa. Nenda Newala, simama pale Shimo la Mungu, ukingo wa nyanda za Makonde, utazame bonde linavyoshuka kuelekea Ruvuma na vilima vya Msumbiji kule ng'ambo. Kifua kinajaa. Sasa piga picha kwa simu, uitazame. Vilima vimekuwa uzi. Lenzi ya simu ni pana, inaleta karibu majani yaliyo miguuni pako na kuvisukuma mbali vilima ulivyokuja kuviona. Jicho halifanyi hivyo, jicho linachagua. Ndiyo maana mimi vilima navikuza, na kila mchoraji wa mandhari ninayemheshimu anavikuza, na huo si uongo.

Kuhusu vifaa sitasema sana. Kazi ya kwanza nafanya hapo hapo nje, kiubao kidogo cha sentimeta 20 kwa 25, dakika 40, rangi nne: bluu ya altramarini, njano ya oka, kahawia ya siena iliyochomwa, na nyeupe. Akriliki ikikauka inakuwa na giza kuliko ulivyoipaka, na upepo wa kusi unaikaushia kwenye ubao kabla hujachovya brashi mara ya pili, kwa hiyo natembea na chupa ya kunyunyizia maji. Nafinya macho mpaka vitu vinapotea na mabonge ya mwanga na kivuli yanabaki. Naanza na mabonge hayo. Basi.

Kinachokula muda ni kurudi. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo tope la leo saa moja asubuhi kesho utalikuta saa moja na dakika 50, keshokutwa karibu saa tatu, na jua limeshapanda, zambarau yote imekimbia. Ukitaka maji yale yale kwenye mwanga ule ule, subiri siku kama 15 maji yarudi kwenye saa ile ile. Mteja analalamika kwamba wiki tatu ni nyingi; wavuvi wa hapa hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Na sasa kijani, maana hapa ndipo ninapopoteza usingizi. Watu wanadhani majani ni ya kijani. Wananunua kopo la kijani, wanalifungua, wanapaka shamba zima. Simama chini ya mkorosho uangalie vizuri. Jani lililolala linaakisi anga, limekuwa la kijivu chenye bluu, karibu kama bati. Jani lililo kati yako na jua linapitisha mwanga, limekuwa njano inayowaka. Upande wa chini wa matawi ya chini umepata wekundu kutoka kwenye udongo, kwa sababu udongo nao unarusha mwanga. Na mvua zikishakatika, mikorosho inapochipua, majani machanga hayana kijani hata kidogo: ni rangi ya shaba, laini, yananing'inia kama yamechoka. Hizo ni rangi nne ndani ya mti mmoja, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye kopo la kijani. Mimi kopo hilo sinalo nyumbani. Kijani changu chote ni bluu na oka, na siena ya kukipunguzia makelele.

Halafu njoo msimu wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, asubuhi upepo ukiwa haujaamka. Unga unaelea chini ya mikorosho kama ukungu wenye umanjano, miti ya nyuma inafutika, mpulizaji anaonekana kiuno kwenda juu. Hiyo ndiyo mandhari ya Mtwara ambayo hakuna mgeni anayeiomba. Nimeipaka mara sita. Mara zote sita imenishinda, kwa sababu ukungu wa maji una ubaridi na ule wa salfa una joto, na kila nikiongeza njano unakuwa vumbi la barabarani. Sijui bado.

Jambo lingine, kwa haraka: jua la kwetu halizami baharini. Bahari ya Hindi iko mashariki. Jua linazama nyuma, kwenye mikorosho. Kila mwezi napata ombi la machweo juu ya bahari wazi, dau jeusi katikati, na ombi lenyewe limetoka kwenye picha ya nchi nyingine. Ukitaka machweo juu ya maji, vuka feri uende Msangamkuu, ugeuke uangalie mjini, utayapata juu ya ghuba. Lakini uwahi. Huku nyuzi 10 kusini mwa ikweta magharibi haikawii. Jua likishagusa, una kama dakika 20 za rangi.

Wanafunzi wangu wananijibu kwamba hata wakubwa duniani wanatumia picha. Kweli. Gerhard Richter wa Ujerumani alipaka mandhari kutoka kwenye picha zake mwenyewe kuanzia miaka ya 1960, kisha akapitisha brashi juu ya rangi mbichi mpaka kila kitu kikafifia. Tazameni alichokifanya: picha aliitumia ili aiulize kama inasema kweli. David Hockney mwaka 2007, kwao Yorkshire, Uingereza, aliunganisha turubai 50 kuwa mchoro mmoja wa miti, akatumia kompyuta ili aone zinavyokaa pamoja, lakini rangi alizipaka nje, amesimama mbele ya miti yenyewe.

Na wapo ambao hata mandhari hawakuwa nayo mbele. Sam Ntiro, mtoto wa Machame, aliyepata kuwa Balozi wa Tanganyika London, alipaka migomba na vijia vya Kilimanjaro akiwa mbali na nyumbani, kwa kumbukumbu. Kazi yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Etel Adnan, mzaliwa wa Beirut, alipaka mlima mmoja wa California miaka na miaka, akaendelea kuupaka alipohamia Paris, turubai limelala mezani, rangi imelazwa kwa kisu.

Lakini anayenitikisa zaidi ni Emily Kame Kngwarreye wa Australia. Bibi huyu alianza kupaka kwenye turubai akiwa ameshazeeka, akafariki 1996. Mwaka mmoja kabla alikaa chini, juu ya turubai lenye urefu wa kama mita nane, akalijaza mistari myeupe kwenye weusi: mizizi ya kiazi cha porini kikipasua ardhi. Hakuna anga. Hakuna upeo wa macho. Nilipouona mchoro huo nikawaza ming'oko, viazi vya porini vya kwetu. Sisi watu wa Kusini tumekula ming'oko tangu utotoni, tunajua kuifuata chini ya ardhi kwa jembe na subira, na sijawahi kumwona mchoraji wa hapa, mimi nikiwemo, aliyepaka ardhi yetu kwa kutokea chini. Sote tumesimama ufukweni tukitazama minazi.

Sikatai picha. Simu yangu imejaa picha za mawingu, maana wingu halisubiri. Na nimeshaumbuka nazo. Miaka kadhaa iliyopita nilipaka bahari ya Shangani, hapa hapa Mtwara, nikiwa nyumbani, chombo kutoka picha moja, minazi kutoka nyingine. Mzee mmoja mvuvi akaja, akatazama kwa muda, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiki chombo kinakwenda wapi? Tanga limejaa kusi, minazi inapepea kaskazi." Nilikuwa nimechanganya misimu miwili tofauti ya upepo ndani ya anga moja. Nililirudisha turubai ndani, nikalipaka upya lote.

Lakini kumbukumbu nayo inadanganya, na hili sijalimaliza. Kwenye picha ya mteja, nyuma ya mnazi wa pili, kuna mnara wa simu. Kaniomba niutoe. Miaka yote nimekuwa nikiitoa minara, na nyaya, na mapaa ya bati mapya, nikisema narudisha mandhari ilivyo. Ilivyo lini? Mtoto aliyezaliwa Mikindani juzi ataujua mnara ule kabla hajaujua mnazi. Na mikoko niliyoipaka imejazana miaka ile, mahali pengine imeshakatwa, nami bado naipaka imejazana.

Bei sijapunguza. Kwenye kiubao cha asubuhi ile mnara nimeuweka, mstari mmoja mwembamba wa kijivu chenye wekundu. Kwenye turubai kubwa, mahali pake bado ni peupe.